Mono Hakuzaliwa Kenya

Waweke Wakenya watano waliosoma shule za bweni kwenye meza moja, na stori za mono zitaanza kabla chai haijapoa. Huyu alipewa kiatu apige simu nyumbani. Yule aliamrishwa aizime balbu kwa kuipuliza, na balbu iko darini. Mwingine alipima uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti. Tunacheka. Mimi pia nilikuwa mono, nikafua soksi za watu wasiojua hata jina langu, na jibu tulilopewa lilikuwa moja tu: hiyo ni mila ya shule.

Neno hilo, mila, ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Mila ya nani?

Si kwamba babu zetu walikuwa malaika. Rika kubwa lilionea rika dogo, na jando halikuwa pikiniki. Lakini kwa Wagĩkũyũ, kwa mfano, kijana aliyeingia jandoni alikuwa na mũtiiri, mtu mzima wa kumshika na kumwongoza. Mateso yalikuwepo, na mtu mzima alikuwepo pia. Bwenini, saa nne usiku, mtu mzima hayupo. Hapo ndipo mila hii inapoonyesha ilikotoka.

Kati ya 1828 na 1842, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby kule Uingereza alikuwa Thomas Arnold. Katika shule za bweni za matajiri wa huko, wavulana wadogo tayari walikuwa watumishi wa wakubwa: kuwachomea mkate, kuwasafishia viatu, kutumwa huku na kule. Arnold hakuufuta mpango huo. Aliupa heshima. Wavulana wa darasa la juu wakawa mkono wake wa kulia, wakiwa na ruhusa ya kuadhibu, hata kwa fimbo. Riwaya ya Thomas Hughes ya 1857, Tom Brown's School Days, inahusu Rugby ya Arnold, na ndani yake kuna mtoto anayebanikwa mbele ya moto na wakubwa wake. Ukiisoma leo utadhani mwandishi alisomea hapa kwetu.

Wamishonari walipojenga shule zao Kenya, Maseno mwaka 1906 na Alliance mwaka 1926, walikuja na kiranja ndani ya sanduku. Carey Francis, aliyeongoza Maseno na kisha Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alikuwa mtu wa Cambridge. Hesabu pia ilikuwa rahisi: walimu wachache, wavulana wengi, pesa kidogo. Kiranja halipwi mshahara.

Na serikali ya kikoloni ilikuwa ikifanya hesabu ileile huko nje. Sheria ya 1902 ilimpa mkoloni uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji, hata mahali ambapo watu hawakuwahi kuwa na chifu. Mteue mmoja wao, mpe mamlaka na marupurupu kidogo, akukusanyie kodi na lawama. Kwangu mimi chifu na kiranja ni ndugu wa tumbo moja. Tena wanafunzi hawakunyamaza: Maseno iligoma mwaka 1908, shule ikiwa na miaka miwili tu, vijana wakikataa kazi za mikono badala ya masomo.

Uhuru ukaja, chifu akabaki, na kiranja akabaki. Kisha Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne kwenye chumba chao usiku, wakawamwagia petroli na kuwachoma. Wanne wote walikufa. Huwa tunaisimulia kama hadithi ya wahuni wachache. Mimi naona watoto waliokabidhiwa kazi ya watu wazima, wakachukiwa kwa niaba ya watu wazima, wakafa peke yao. Mfumo huu haumlindi hata yule unayempa cheo.

Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza: hakuna mwanafunzi atakayeteswa au kudhalilishwa, kimwili wala kiakili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria nzuri, bana. Lakini tulimnyang'anya mwalimu kiboko mchana na kusahau kuuliza ni nani anayekishika usiku. Mwaka 2017, Alliance yenyewe iliingia kwenye habari kwa madai ya viranja kuwatesa wadogo, na Wizara ya Elimu ikatuma wachunguzi. Mono hawezi kwenda kwa kiranja kumshtaki kiranja. Akisema anaitwa msaliti, na usiku bado analala kitanda kilekile.

Dawa yenyewe si siri. Tangu 2009 kumekuwa na juhudi za kuwa na mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe, badala ya viranja wanaoteuliwa ofisini. Uchaguzi ni hatua, lakini hautoshi kama anayechaguliwa anapewa ruhusa ya kuadhibu. Awe na sauti tu. Adhabu ibaki kwa mtu mzima anayeweza kushtakiwa, na mtu mzima huyo alale karibu na bweni, si nyumbani kwake.

Tena sasa tuna nafasi ya ajabu. Kidato cha kwanza cha mwisho cha 8-4-4 kiliingia Januari 2024. Mwaka 2025 haukuwa na mono. Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10 wa kwanza, na juu yao wapo vidato viwili tu vinavyomalizia, cha tatu na cha nne. KCSE ya 2027 ikiisha, wa mwisho waliomonolewa kwa jina hilo watakuwa wameondoka. Mila hufa ikikosa warithi, lakini inarithiwa pia kwa stori. Kwa hivyo ukialikwa kwenye shule yako ya zamani kuwapa vijana motisha, tafadhali usiwaambie kwamba mono ilikukomaza. Ulikua kwa sababu miaka ilipita.