Oda ya Muziki Kabla Haujatoka

Kuagiza muziki mapema kulikuwa na maana pale nakala zilipokuwa chache na njia ndefu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri: bendi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka santuri zilitegemea Nairobi. Mzigo uliofika Mbeya ulikuwa bado uteremke Tukuyu hadi Kyela, na msikilizaji wa Lupingu, Liuli au Mbamba Bay alitegemea meli zilizong'oa nanga Itungi, MV Songea na MV Iringa. Akikosa nakala, alikuwa na kungoja kwingine kurefu mbele yake. Kwake, kumwachia mchuuzi pesa ilikuwa busara. Kanda ndiyo iliyolegeza kamba hiyo. Mwenye kibanda na redio ya deki mbili alipokea kanda tupu na orodha ya nyimbo kwenye kikaratasi, akajaza nusu saa upande A na nusu saa upande B. Nakala hazikuisha tena, ila msanii hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilikuta mazoea yamekwisha kuota mizizi.

iTunes ilipofungua duka lake 2003, na M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, ile sababu ya zamani iliondoka kabisa. Faili haliishi dukani. Basi oda ya nini? Watetezi husema humpa msanii mtaji. Ningekubali kama ingekuwa hivyo. Mkulima wa Kagera anayeuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa butura, hupunjwa bei, lakini pesa anaishika leo. Oda ya albamu kwenye iTunes haiko hivyo: kwa kawaida mteja hakatwi mpaka albamu itoke, kwa hiyo studio hailipwi kwa fedha hiyo. Faida yake iko kwenye hesabu. Oda za wiki nyingi huingia kwa pamoja siku ya kwanza na kuipandisha albamu kwenye chati. Kwa msanii hilo si dogo, na shabiki anayetaka kumbeba ana haki ya kufanya hivyo. Wengine husema oda humwepushia mtu wa Itungi adha ya mtandao dhaifu. Haimwepushii, kwa sababu faili litashuka kwa bando lilelile. Siku duka litakapomtumia msanii fedha papo hapo oda inapowekwa, akiwa bado anadaiwa na studio, nitaitetea oda hiyo kwa nguvu zote.