Mng'ao wa Nywele katika Michezo ya Kompyuta

Msomaji, huenda umewahi kucheza mchezo wa kompyuta, ukamwongoza mhusika akimbie, aruke na apigane. Je, ulipata kuzitazama nywele zake? Juu ya utosi aghalabu pana utepe wa nuru, uliopindika kwa kufuata umbo la kichwa. Mara nyingi nuru hiyo haitoki katika jua wala taa: imepakwa rangi na fundi. Historia ya utepe huo si ndefu, lakini ina fundisho.

Hapo kwanza nywele zilikwepwa tu. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa Japani alipombuni mhusika aliyekuja kuitwa Mario, nukta za kuchorea zilikuwa chache mno. Basi alimvika kofia ili asihitaji kuchora nywele.

Wakati huo wataalamu walikuwa wamekwisha anza kutafuta kanuni za nuru. Mwaka 1975 Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, alichapisha kanuni ya kukadiria mng'ao juu ya kitu laini kama mpira. Lakini unywele si mpira. Ni uzi mwembamba. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walitunga kanuni ya manyoya, na mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake walieleza kwamba unywele una ming'ao miwili: mmoja hurudishwa na ngozi yake ya juu, nao hauna rangi, wa pili hupenya ndani, ukatoka umechukua rangi ya unywele wenyewe.

Kanuni hizo zilifaa filamu, ambayo picha yake moja yaweza kungojwa hata saa nzima. Mchezo hauwezi kungoja. Picha 30 au 60 hazina budi kutokea kila sekunde. Kwa hiyo mafundi waliunda nywele kwa vipande bapa vichache, wakachora juu yake nyuzi, vivuli na mng'ao. Hata wachezaji walijifunza ufundi huo. Katika The Sims 2, mchezo wa mwaka 2004, wengi waliwatengenezea wahusika nywele za kubuni wenyewe.

Kazi hiyo yataka busara. Fundi huanza na rangi ya giza, hufuatisha ya kati, kisha hupaka mng'ao kwa michirizi myembamba palipobinuka. Akitumia nyeupe tupu, nywele huonekana kama plastiki. Tena mng'ao uliopakwa una udhaifu wake: mhusika akiingia pangoni penye giza, wenyewe bado wang'aa.

Sasa fikiri jambo hili. Utepe ule ni wa nywele za singa, ambazo zimelala sambamba na kurudisha nuru kwa pamoja. Nywele za kipilipili hujipinda kila moja upande wake, na nuru hutawanyika ikawa vimeto vidogo vingi. Fundi akizipaka utepe, huwa amemvika mhusika kofia nyingine. Walakini kwa miaka mingi watafiti walishughulikia zaidi nywele za singa na za mawimbi, na wahusika weusi mara nyingi walinyolewa au walipewa nywele zisizofanana na za watu halisi. Kosa halikuwa la mashine, watu hawakutazama. Mwaka 2024 Theodore Kim, A. M. Darke na wenzao walichapisha utafiti wa kuigiza kwa kompyuta nywele zilizojikunja sana.

Basi, msomaji, ukitamani ufundi huu, anza pasipo kompyuta. Jua likiwaka, keti karibu na mwenzako, utazame kichwa chake kwa makini: nuru yaangukia wapi, na yatawanyikaje? Fundi aliyenakili utepe wa mwingine hakukiona kichwa hicho. Wewe umekaa karibu nacho kila siku, na huenda ni chako mwenyewe.