Zambarau ya kwenye miamba: rangi iliyotajirisha wachache

Zamani, nguo ya zambarau ilikuwa ya wafalme na matajiri. Rangi yenyewe ilitoka kwa konokono wa bahari, na ilikuwa haba sana: mwaka wa 1909, mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu.

Wasio na uwezo huo walitafuta njia nyingine. Kwenye miamba ya pwani kunaota likeni, kiumbe kinachotokana na kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Ukiitazama ni ya kijivu, haionyeshi rangi yoyote. Lakini mafundi waliisaga, wakailoweka ndani ya mkojo uliochacha, wakaongeza chokaa na kuikoroga kwa majuma mengi. Amonia ya mkojo pamoja na hewa viliigeuza kuwa zambarau. Harufu ilikuwa kali, lakini kitambaa kilitoka kizuri. Kasoro yake ni moja: jua liliifubaza upesi.

Katika mji wa Florence, inchi ya Italia, kuna jamaa iliyotajirika kwa biashara hiyo mpaka ikapata jina kutokana nayo: Rucellai, kutoka oricello, jina la rangi hiyo. Giovanni Rucellai ndiye aliyelipia uso wa kanisa la Santa Maria Novella. Jina lake limechorwa pale juu kwa Kilatini, pamoja na mwaka wa 1470, na linasomeka hata leo.

Waliochuma likeni hawana ukuta wenye majina yao. Kwenye visiwa vya Canarias walining'inia kwa kamba juu ya bahari. Kamba ikikatika, maisha yamekwisha. Katika miaka ya 1800, hata jirani zetu wa Angola walichuma likeni iliyopakiwa kwenye meli za Wareno.

Mwaka wa 1856, kijana William Henry Perkin, mwenye miaka 18, alikuwa London akijaribu kutengeneza kinini, dawa ya malaria. Hakuipata, alipata zambarau ya kiwandani. Baada ya hapo rangi za viwandani zikaenea, na soko la likeni likafa polepole.

Hata hivyo likeni haikupotea kabisa. Ndiyo asili ya karatasi ya tournesol ambayo wanafunzi wanatumia katika somo la kemia: ndani ya maji ya ndimu inakuwa nyekundu, ndani ya maji ya majivu inakuwa bluu.