Sea Vixen na Siku ya Colito

Aliyezoea kiwanja cha ndege cha Ibadakuli, Shinyanga, hujua kuwa ndege huhitaji ardhi ndefu ya kukimbilia kabla ya kupaa. Mabaharia hawana neema hiyo. Urefu wa manowari Centaur ya Uingereza haukufika mita 230, na juu ya sitaha yake ndege nzito zilirushwa na kunaswa, bahari ikitulia au ikichafuka. Mojawapo ya ndege hizo, Sea Vixen, iliingia katika historia ya Tanganyika. Lakini kabla ya kufika kwetu ilipita njia ya miiba.

Mwaka 1946 wanamaji wa Uingereza walitaka ndege ya jeti iwezayo kupigana usiku na mawinguni. Kiwanda cha de Havilland kikabuni DH 110, yenye injini mbili, ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Septemba 1951. Wanunuzi, hata hivyo, waliipa kisogo. Wanamaji walikwisha kuchagua Sea Venom, iliyokuwa ndogo na rahisi zaidi. Jeshi la anga likachagua Javelin mwaka 1952.

Msiba ukafuata. Tarehe 6 Septemba 1952, mbele ya halaiki ya watu huko Farnborough, DH 110 ilivunjika hewani. Rubani John Derry na mwenziwe Tony Richards walikufa, na watazamaji 29 wakafa kwa kuangukiwa na vipande vyake. Ilibainika kwamba bawa halikustahimili uzito wa kupinda na kubiringika kwa wakati mmoja. Likaimarishwa, ndege ikasanifiwa upya, wanamaji wakairudia, nayo ikaanza kazi mwaka 1959, miaka 13 tangu ilipotakwa. Hata baada ya hapo haikuacha kudai roho: katika ndege 145 zilizoundwa, zaidi ya theluthi zilipotea katika ajali.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Kesho yake uasi ulifika Tabora, jirani wa Shinyanga upande wa kusini. Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Uingereza. Asubuhi ya tarehe 25 helikopta za Centaur ziliwashusha makomando Colito, na Sea Vixen zikapita angani kuwalinda. Hazikuangusha bomu, uasi ukazimwa, ingawa baadhi ya askari waliuawa.

Serikali iliokoka, lakini kwa mkono wa yule yule aliyekuwa mtawala wake hadi Desemba 1961. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse mtegemea cha aliyemtawala? Nyerere alilijua jambo hilo. Februari 1964 nchi huru za Afrika zilikutana Dar es Salaam, askari wa Nijeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi.

Bawa lililovunjika Farnborough halikufichwa kwa rangi. Lilichunguzwa likaundwa upya. Vivyo hivyo jeshi lililovunjika Colito. Kuvunjika si fedheha ya milele. Fedheha ni kulipa roho za watu na kuondoka bila mafunzo.