Pikseli za skrini na alama za majaribio ya grafiki

Alama za kompyuta katika majaribio ya grafiki hutegemea sana idadi ya pikseli zinazochorwa, na alama isiyoitaja idadi hiyo haifai kulinganishwa na nyingine. Picha ya 1920 × 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 3840 × 2160 ina 8,294,400, yaani mara nne. Hata hivyo, kwa kawaida kasi haishuki hadi robo, maana kazi kama kukokotoa maumbo haiongezeki kwa kiasi hicho. Pikseli zikiwa chache, mara nyingi prosesa ndiyo huichelewesha kadi ya grafiki, hivyo kadi mbili zenye nguvu tofauti huweza kukaribiana alama. Ili alama ziweze kulinganishwa, programu ya majaribio ya 3DMark, iliyobuniwa Ufini, huchora jaribio la Fire Strike kwa 1920 × 1080 na Time Spy kwa 2560 × 1440, kisha huikuza au kuipunguza picha ili itoshee skrini yoyote iliyopo.