Mwandiko wa Siri wa Anne Lister na Eliza Raine

Katika Uingereza ya mwanzo wa karne ya 19, yako mambo yaliyokatazwa kwa sheria, na yako yaliyokatazwa kwa kunyamaziwa. Wanaume waliolala pamoja waliweza kuhukumiwa kifo, na wawili wa mwisho walinyongwa London mwaka 1835. Ama mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke, sheria haikuyataja hata kwa neno moja. Lakini kutotajwa huko hakukuwa ruhusa. Binti wa watu wenye heshima alitazamiwa kuolewa, na moyo wake ukielekea kwingine hakuwa na mtu wa kumwambia. Habari za Anne Lister na Eliza Raine zaonyesha jinsi marufuku hiyo isiyoandikwa ilivyofanya kazi, na kwamba gharama yake haikuwaangukia wote wawili sawasawa.

Wote walizaliwa mwaka 1791. Anne alizaliwa Halifax, kaskazini ya Uingereza, katika ukoo wa zamani wenye ardhi na nyumba iitwayo Shibden Hall. Eliza alizaliwa Madras, Bara Hindi. Baba yake alikuwa tabibu Mwingereza, na mama yake Mhindi ambaye tabibu huyo hakumwoa kwa sheria ya Kiingereza. Baba alipofariki mwaka 1800, Eliza aliwekwa mjini York chini ya ulezi wa tabibu mwenzake marehemu. Alikuwa na urithi, lakini hakuwa na ukoo wa kumtetea.

Walikutana mnamo mwaka 1805 katika shule ya wasichana mjini York, wakakaa chumba kimoja cha darini. Hapo ndipo walipopendana, nalo likawa pendo la kwanza la kila mmoja wao. Waliazimia kuishi pamoja Eliza atakapotimiza umri wa kupokea mali yake. Ili barua zao zisisomwe na wazee, walitumia mwandiko wa siri uliochanganya herufi za Kiyunani na alama za hesabu. Daftari mashuhuri la Anne laanza tarehe 11 Agosti 1806, na habari yake ya kwanza ni kuondoka kwa Eliza.

Azimio lao halikutimia. Anne alianza kupenda wengine, na mwaka 1812 alifahamiana na Mariana Belcombe, binti wa tabibu wa York. Mwaka 1814 Eliza aliingizwa katika nyumba ya kutunzia wenye wazimu huko Clifton, karibu na York, nyumba iliyosimamiwa na baba yake huyo huyo Mariana. Haifai kusema kwamba mapenzi peke yake ndiyo yaliyomwondolea akili. Walakini mjane huweza kulia hadharani na mchumba aliyeachwa huweza kuhurumiwa, bali Eliza alikuwa na msiba usioweza kutajwa. Alifariki mwaka 1860 katika kijiji cha Osbaldwick, akiwa bado chini ya uangalizi. Anne alikuwa amerithi Shibden Hall mwaka 1826, akasafiri nchi nyingi, na kufariki mwaka 1840 huko Kutaisi, katika nchi ya Georgia.

Daftari za Anne zina maneno yapata milioni 5, na karibu sehemu moja katika sita ni ya mwandiko wa siri. Katika miaka ya 1890 jamaa yake, John Lister, pamoja na mwalimu Arthur Burrell, waliufumbua. Burrell alishauri daftari zichomwe moto, lakini John alizificha nyuma ya mbao za ukuta. Mwaka 1921 Bunge la Makabwela lilikubali kuyafanya mapenzi ya wanawake kuwa kosa, nalo Bunge la Malorodi likakataa, likichelea kwamba sheria hiyo ingewafundisha wanawake jambo wasilolijua. Ndivyo kimya kilivyoendelea kulindwa. Sehemu kubwa ya kwanza ya maandishi ya siri ilichapishwa na Helena Whitbread mwaka 1988.

Hivyo fumbo lililobuniwa ili lisisomwe ndilo lililohifadhi habari. Lakini lilimhifadhi zaidi aliyekuwa na nyumba ya kuwekea daftari zake. Maandishi ya Eliza yaliyosalia ni machache, na mengi yajulikanayo juu yake yametoka katika kalamu ya yule aliyemwacha.