Gesi ya ng'ombe wa maziwa hupunguzwa horini

MFUGAJI wa Nansio, Ukerewe, anayemfungia ng'ombe wake bandani na kumletea majani ana nafasi kubwa ya kupunguza gesi ya methani kuliko yule anayechunga.

Gesi hiyo hutengenezwa na vijidudu vinavyochachusha majani katika tumbo la kwanza la ng'ombe, na nyingi hutoka mdomoni anapopiga mbweu, si nyuma kama wengi wanavyodhani. Kwa kipindi cha miaka 100, methani huongeza joto duniani takriban mara 28 ya uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Kwa mfugaji ni hasara ya mfukoni: asilimia 2 hadi 12 ya nguvu iliyomo katika lishe hupotea hewani badala ya kuwa maziwa.

Kirutubisho kiitwacho 3-NOP, kilichoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2022, hupunguza methani hiyo kwa takriban asilimia 30. Lakini sharti kiwemo katika mlo wa kila siku, jambo gumu kwa ng'ombe wa machungani.

Wilayani humo humo, Wakara wa kisiwa cha Ukara wamejulikana tangu zamani kwa kulisha ng'ombe ndani kwa majani ya kukata, wakitafuta mbolea ya mashamba. Kwa hiyo hori si jambo geni. La kuangaliwa ni kinachotiwa humo. Matete yakikatwa yangali machanga, yakachanganywa na lukina na mashudu ya pamba, zao la Kanda ya Ziwa, maziwa huongezeka na methani kwa kila lita hushuka, ingawa jumla ya gesi ya ng'ombe mmoja huenda isipungue.